Uzi wa Kijani wa Transfoma

Santa Ana, California
2 Septemba 1973

Lala mama,

Barua hii ikikukuta umelala, amka kwanza, nawa uso, ndipo usome. Mimi ni mzima. Goti linalia likiona ngazi, lakini lilikuwa linalia hata babu yako akiwa hai na sikuwahi kulisikiliza. Kuku wanataga. Baba yako alikuja Jumapili, akasema hana njaa, akala sahani tatu za maharage.

Umekula? Usinijibu "ndiyo Bibi" ile ya haraka haraka. Niambie ulikula nini na nani alipika. Nasikia huko San Antonio chapati wanazila za ngano tu, za mahindi hawazitaki. Huo ni ugonjwa.

Sasa niseme la maana. Tarehe mbili Novemba ni siku ya wafu, na babu yako Chon atakuwa ametimiza miaka miwili huko alikokwenda. Uliniahidi kaburini, udongo ukiwa bado mbichi na wewe una tope mpaka kwenye soksi, kwamba kila mwaka siku hiyo utaileta amplifaya yake ya gita nyumbani uipige hapa sebuleni, kando ya meza ya maua tunayompambia. Mwaka jana ulipata homa, nikakusamehe. Mwaka huu sitaki kusikia homa.

Babu yako simkumbuki kwa picha. Picha zake zote kafumba macho kama mtu aliyeng'atwa na nyuki. Namkumbuka kwa lile sanduku. Alilijenga kwa mkono wake kwenye meza ya kulia chakula, nami nikalisokotea vyuma vyake vitatu: transfoma kubwa inayopokea umeme wa ukutani, transfoma ya kutokea inayoipelekea spika sauti, na choki ndogo katikati yao, inayoutuliza umeme. Kwenye kiwanda cha transfoma nimesokota waya mpaka nikazeeka, na zote zilikwenda kwa watu nisiowajua. Hivyo vitatu tu ndivyo vya kwetu.

Kwa hiyo nataka nikuone ukipiga. Mwaka huu, si mwakani.

Usizicheke herufi zangu kwa kuwa kubwa. Kalamu ni ya jirani yangu Chayo, ina mdomo mpana kama mwenyewe.

Nakuchorea msalaba kwenye paji la uso.

Bibi yako,
Refugio


San Antonio, Texas
11 Septemba 1973

Bibi wangu,

Nipe baraka yako kwanza, halafu unifokee.

Nimekula. Jana nilipika mayai na pilipili za kuchoma, na mwenye nyumba wangu, Bi Hortensia, akanusa mpaka akabisha hodi, sahani iko mkononi tayari. Kwa hiyo nilikula nusu. Lakini nilikula.

Bendi inakwenda vizuri. Tunapiga kwenye harusi na ubatizo, na Jumamosi tunapiga ukumbi wa dansi karibu na machinjioni, ambako wazee wanacheza na kofia kichwani na mabibi wanazivua wakitaka kuwabusu. Wote wananiita "yule binti wa gita." Siku ya kwanza walinitazama kama mbwa anayeendesha baiskeli. Sasa wamezoea.

Kuhusu tarehe mbili Novemba, Bibi, sijui. Kuna harusi moja imetajwa tajwa wiki hiyo na mpiga akodiani wetu bado hajasema ndiyo wala hapana. Nitakujulisha. Usianze kukanda mkate wa wafu kwa ajili yangu.

Amplifaya ya babu iko hapa chumbani, nimeifunika shuka.

Halafu nilitaka kukuuliza kitu, si changu, ni cha rafiki yangu mmoja mpiga gita. Naye ana amplifaya ya zamani ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka, spika yake iko kwenye sanduku lake pekee, zinaunganishwa kwa waya kama ya babu. Sasa yeye anaishi na mwenye nyumba mkali wa kelele. Basi siku moja alitaka kufanya mazoezi ya wimbo mgumu, akachomoa waya wa spika ili apige bila kumsumbua mtu, maana mkono wake umezoea kupiga taa ya amplifaya ikiwa inawaka. Akapiga karibu wimbo mzima. Kisha akasikia kitu kama njiti ya kiberiti, na harufu ya sukari iliyoungua. Tangu hapo, hata akirudisha spika, valvu zinawaka lakini sauti haitoki.

Anauliza kama inatibika. Ana huzuni sana, Bibi. Halali vizuri.

Mjukuu wako,
Lala


Santa Ana
19 Septemba 1973

Lala mama,

Huyo rafiki yako ni mpumbavu, na mimi nampenda sana. Mwambie hivyo hivyo, yote mawili, usikate nusu.

Kumkimbia mwenye nyumba kwa kuchomoa spika. Ni mpiga gita peke yake anayeweza kufikiria kitu kama hicho. Mpiga ngoma angeziba mlango kwa blanketi yakaisha.

Nitakueleza, umweleze. Mimi shule niliiona kwa nje, paa lake lilikuwa la bati, basi. Herufi alinifundisha babu yako, tena nikiwa tayari na watoto wawili. Lakini transfoma naijua kwa vidole, kwa hiyo utavumilia.

Valvu zina papara nyingi na uzito kidogo. Spika inataka uzito, papara haiitaki. Ukiwaunganisha hao moja kwa moja ni kama kumfunga farasi wa mbio kwenye jiwe la kusagia. Sasa transfoma ya kutokea inakaa katikati yao. Ndani kuna waya mwembamba kama unywele, mizunguko mingi mno, huo ni upande wa valvu. Na kuna waya mnene, mizunguko michache, huo ni upande wa spika. Nyaya hizo hazigusani mahali popote. Katikati kuna karatasi. Kinachovuka ni ule mvuto unaopita kwenye chuma: huyu akitikisika, na yule anatikisika. Kama vile wewe ukilia huko, mimi huku natafuta leso kabla barua haijafika.

Na hatukuwa tunasokota mwembamba wote kisha mnene wote. Unaweka tabaka la mwembamba, karatasi, tabaka la mnene, karatasi, tena mwembamba. Ukiwalaza mbali mbali, zile sauti ndogo za juu zinapotea njiani. Wakilala pamoja zinafika.

Sasa mtu akichomoa spika, upande mmoja unasukuma na upande wa pili hakuna anayepokea. Nguvu inapanda, haina pa kutokea, mwisho inaitoboa karatasi. Ile harufu ya sukari ni rangi inayopakwa kwenye waya, imeungua. Naijua harufu hiyo kuliko manukato.

Haitibiki. Iliyokufa imekufa. Lakini rafiki yako ana bahati ya wajinga. Wakati ule namsokotea Chon, nilisokota transfoma mbili za kutokea, ya kwanza kujaribu na ya pili ya kazi. Hiyo ya kujaribu iko juu ya kabati ndani ya kopo la biskuti. Nipe wiki mbili tatu, maana kabati ni refu na goti halielewani na ngazi. Nitaituma kwako, umpe.

Utaijua ni yangu. Kiwandani kila mwanamke alimalizia kazi yake kwa kuifunga uzi wa rangi yake, ili kazi ikirudi mbovu msimamizi ajue wa kumfokea. Wangu wa buluu. Haukurudi hata mara moja, kamuulize yeyote.

Mwambie asiingize mkono mle ndani ovyo. Hata ukiichomoa ukutani, amplifaya inabaki na kinyongo kwenye kapasita zake, zile zinazotunza umeme. Amtafute fundi azimalizie ule umeme kwanza. Na mkono mmoja mfukoni saa zote, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani.

Harusi hiyo iliyotajwa tajwa, maharusi wanaitwa nani? Nataka niwaombee wachague siku nyingine.

Umekula?

Bibi yako,
Refugio


Santa Ana
3 Oktoba 1973

Lala,

Hii hapa. Nimeifunga kwa vitambaa na soksi mbili za babu yako. Soksi unirudishie.

Mwambie rafiki yako na fundi wake wasitazame rangi za nyaya, rangi za zamani zimepauka. Wapapase mafundo. Nimefunga nyuzi za mafundo kwenye kila waya mwembamba. Fundo moja na mafundo mawili ni za valvu mbili za mwisho, zile zinazopokezana kama watu wanaovuta msumeno mmoja. Mafundo matatu ni waya wa katikati, unaoleta umeme. Zile mbili nene hazina fundo, ni za spika.

Sandukuni nimeongeza tamale sita, vile vifurushi vya unga wa mahindi. Hizo si za rafiki yako.

Bibi


San Antonio
10 Oktoba 1973

Bibi,

Nipe baraka, maana leo naihitaji.

Hakuna rafiki. Ulijua. Najua ulijua tangu mstari wa kwanza, ndiyo maana ulinitukana kwa upole. Ni mimi niliyechomoa spika ya babu, ni mimi niliyenusa ile sukari, na nimekaa mwezi mzima naiangalia shuka kama kuna maiti chini yake. Harusi pia hakuna. Niliogopa kuja mikono mitupu.

Sasa sikiliza furaha, kisha usikilize balaa.

Furaha: fundi wa redio wa mtaa wa pili alizimaliza kinyongo kapasita kama ulivyosema, akaniachia nifanye mwenyewe, mkono mmoja mfukoni mpaka suruali ikachanika. Nilifuata mafundo. Nikawasha. Nikapiga kamba moja tu, ile nene, nikaiacha. Bibi, ilikuwa ni babu anakohoa asubuhi. Bi Hortensia alikuja kulalamika, akakaa kitandani kwangu, akasahau alichojia.

Kitu kimoja kimenishangaza. Uzi uliofungia transfoma ni wa kijani. Nimeupeleka dirishani nikautazama vizuri. Na tena ulisema ya zamani, lakini inanukia nta mbichi, kama mshumaa uliozimwa sasa hivi. Au mimi nimeota?

Sasa balaa. Nilipoona imeimba nikataka kuipamba. Nikasema naipeleka kwa Bibi inang'aa kama kiatu cha harusi. Nikaona ile choki ndogo ina kutu, nikaifungua, nikasugua vipande vyake vya chuma kimoja kimoja kwa msasa laini. Katikati nikakuta kikaratasi cha kahawia kimekwama, kichafu, kimegandamana. Nikakitoa, nikakitupa. Nikaipanga upya, imebana vizuri kabisa, vyuma vinabusiana. Nikawasha.

Inanguruma. Hata sijagusa gita, inanguruma kama friji la hospitali. Nikipiga, sauti ya babu iko pale chini lakini mngurumo umemkalia kichwani. Fundi wa redio amebadilisha kapasita, bado. Anasema choki iko hai, waya haujakatika, hajui zaidi.

Nimeharibu mara mbili, Bibi. Siwezi kuileta hivi mbele ya meza yake ya maua. Labda mwakani, nikishapata akili.

Tamale zilikuwa saba. Ulihesabu vibaya, au uliniongezea.

Lala


Santa Ana
15 Oktoba 1973

Lala mama,

Mwakani hakuna. Nimesema mwaka huu na sitasema tena.

Kwanza, uzi. Wa buluu uliisha siku ile. Nta ni kwa sababu kopo lilikaa karibu na mishumaa ya babu yako. Umemaliza maswali? Vizuri.

Pili, hukuharibu kitu. Ulichofanya ni usafi, na usafi ni tabia niliyokufundisha mimi, kwa hiyo tugawane lawama. Kile kikaratasi hakikuwa takataka. Nilikiweka kwa mkono wangu.

Choki ni waya mmoja tu uliozungushwa juu ya chuma, una ncha mbili, watu wanaudharau. Kazi yake ni ukaidi. Umeme wa ukutani unakuja ukiyumba, na hata valvu ikishaunyoosha bado una mawimbi. Choki haipendi mageuzi. Ukipanda ghafla inaushika mkia, ukishuka ghafla inausukuma mgongoni. Unaotoka upande wa pili umetulia, ndio unaokwenda kulisha valvu. Choki ikilegea, hayo mawimbi yanapita yote, na spika inayasema. Ndio huo mngurumo wako.

Sasa kwa nini imelegea na waya mzima? Kwa sababu umeme wa kwenye choki unakwenda upande mmoja tu, haurudi, na chuma kinashiba. Chuma kilichoshiba ni kama baba yako baada ya zile sahani tatu: unamsemesha, hasikii. Basi tunakiachia kijinafasi. Vipande vya chuma vinakaa huku na huku, visigusane, katikati tunalaza karatasi. Kwa kijinafasi hicho chuma hakishibi upesi. Ukikiondoa, vinabusiana kama ulivyosema, na vikibusiana vimelewa.

Kwa hiyo unachotaka ni karatasi. Nimeiandika barua hii makusudi kwenye mfuko wa unga wa mahindi, ndio unene ule ule niliotumia zamani, nimeupima kwa kucha. Kata ukanda mwembamba hapa pembeni pasipo na maandishi, uukunje mara moja, uulaze kati ya vyuma, ubane. Usibane mpaka ulie.

Halafu panda basi uje.

Umekula?

Bibi yako,
Refugio


Santa Ana
16 Oktoba 1973

Eulalia,

Ni mimi Chayo Belmontes, jirani wa bibi yako. Hajui kwamba naandika, na akijua atanivunjia dirisha, kwa hiyo barua hii uichome.

Binti, bibi yako haoni. Si kwamba haoni vizuri. Jicho la kushoto limekwisha kuwa jeupe na la kulia linafuata. Ni mtoto wa jicho, kila mtu mtaani anajua isipokuwa ninyi wa damu. Wiki iliyopita alinikaribisha kahawa akanitilia chumvi, nikanywa yote. Barua zako namsomea mimi. Zake anaandika mwenyewe, kaweka rula chini ya mstari, anaburuta kalamu juu yake. Nikimwambia twende kwa daktari, ananijibu kwamba atakwenda baada ya siku ya wafu, akishakuona ukipiga, maana akikatwa vibaya angalau awe ameona hilo.

Na kuna jambo jingine linanitia hofu zaidi. Mwezi wa tisa mwishoni alianza kusali kupita kiasi. Alijifungia jikoni karibu wiki nzima, rozari mkononi, nami nikipita dirishani namsikia. Lakini haikuwa sala ninayoijua. Alikuwa anahesabu. Kila akifika mia anasogeza punje moja, kisha anaanza tena. Na kulikuwa na sauti ya kitu kinazunguka, kriki kriki, kama kinu cha kahawa. Nikamuuliza padri kama kuna ibada ya namna hiyo. Padri akasema labda ni huzuni.

Siku ya mwisho alitoka na vidole vimekatwa katwa na kitu chembamba, na uso umefurahi mno. Akanituma posta.

Nadhani akili inamwacha. Njoo umwone mapema.

Rosario Belmontes (Chayo)


San Antonio
23 Oktoba 1973

Bibi,

Nipe baraka.

Nimekata karatasi. Nimeilaza kati ya vyuma, nikabana, haikulia. Nikawasha, nikadhani sikuwasha. Ilibidi niiname nitazame kama taa inawaka. Kimya, Bibi. Kimya kile cha babu kabla hajaanza, akiwa ameshika gita na anamtazama kila mtu aketi. Kisha nikapiga.

Sasa na mimi nina la kusema, na utanisikiliza kama ninavyokusikiliza wewe.

Uliwahi kunisimulia, nikiwa mdogo nimekaa chini ya meza yako, kwamba kiwandani kihesabio cha mashine yako kilikuwa kinakwama, na wewe na wenzako mlihesabu mizunguko kwa rozari, kila mia punje moja, na msimamizi akadhani amepata wafanyakazi watakatifu. Nilicheka siku ile. Leo nimelikumbuka hilo nikiwa na ile transfoma mkononi, ya uzi wa kijani, ya nta mbichi, ya mafundo ya kupapasa.

Hakukuwa na kopo juu ya kabati. Hakukuwa na ya kujaribu. Ulichukua ile mashine ya mkono waliyokupa ulipostaafu, ukakaa jikoni, ukaisokota upya yote kwa vidole, waya mwembamba kama unywele, usiouona, kisha ukaizamisha kwenye nta. Na ukatafuta uzi wako wa buluu ndani ya kopo la nyuzi, ukashika mmoja, ukadhani ndio.

Usimuulize mtu yeyote nimejuaje. Usivunje dirisha la mtu.

Nakuja. Nitafika Alhamisi, tarehe moja, na basi la mchana, nina amplifaya na spika yake na soksi mbili za babu. Lakini nakuja kwa sharti. Ijumaa nitakupigia. Jumatatu utaniruhusu nikushike mkono twende kwa daktari wa macho, mimi na wewe, na utakaa kwenye kile kiti kama mtu mzima. Ukikataa, nitaichomoa spika mbele yako na kupiga wimbo mzima.

Halafu jambo moja. Uliniambia nikate pembeni pasipo na maandishi. Sikukusikiliza. Nilikata pale ulipoandika "Umekula?" Ndilo neno lililomo ndani ya choki sasa.

Lala


Santa Ana
28 Oktoba 1973

Njoo. Daktari sawa. Mshenzi wewe.

Bibi


Santa Ana
17 Februari 1974

Lala mama,

Tazama mistari yangu. Imenyooka. Hakuna rula hapa.

Daktari alifungua jicho la kulia wiki jana. La kushoto atalifanya mwezi wa nne, na safari hii huna haja ya kuja kunishika mkono, ingawa ukija nitaushika. Amenipa miwani minene kama vizibo vya chupa. Chayo nimemwona vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miaka, nikamwambia amezeeka, akalia, nikamkaribisha kahawa yenye sukari. Sikumvunjia dirisha.

Nikuambie kuhusu ile Ijumaa, maana siku ile sikuweza kusema kitu, na wewe uliondoka unadhani nilikasirika. Nilikuona kivuli tu, mama. Kivuli na kile kitaa chekundu. Kabla hujapiga uliacha ule muda, nikasikia mishumaa ya meza yake inavyowaka, ndivyo kulivyokuwa kimya. Halafu ukapiga kamba ya chini. Baba yako alitoka akisema anakwenda kuangalia gari. Gari halikuwa na tatizo lolote. Mimi nilikaa, mikono mapajani, na kila sauti ilipotoka nilisikia waya wangu ukiipokea na kuipitisha, tabaka kwa tabaka, hata zile ndogo za juu kabisa, hazikupotea hata moja. Nilikuwa nimeogopa hizo. Nilikuwa nimeogopa vidole vimesahau.

Chon najua angefanya nini. Angesimama, akuondolee nywele usoni, aende kutafuta bia. Basi chukulia amefanya hivyo.

Sasa ya mwisho. Waliponifungua jicho nilirudi nyumbani, na kila mtu alingoja nijitazame kwenye kioo. Sikwenda kwenye kioo. Nilikwenda jikoni, nikalishusha kopo la nyuzi, nikalimwaga mezani. Kijani, mama. Kijani cha kasuku, uzi mpya kabisa niliununua kwa ajili ya pindo la vitambaa vya jikoni. Wa buluu ulikuwa pembeni yake, mzima, unanitazama. Nilicheka peke yangu mpaka kuku wakatoka bandani kuja kuona.

Usiufungue. Nakujua wewe na usafi wako. Usije ukautoa uweke wa buluu ili unifurahishe. Kiwandani msimamizi angemtafuta mwenye uzi huo asimpate, na hivyo ndivyo ninavyotaka. Zile za buluu niliwasokotea wengine wote. Hiyo ya kijani ni moja tu, na uko nayo wewe.

Nakuchorea msalaba kwenye paji la uso, na safari hii naliona ninapolichorea, kwenye ile picha yako ya ubatizo.

Sikuulizi kama umekula. Washa tu lile sanduku, litakuuliza lenyewe.

Bibi yako,
Refugio